Kununua na Kukatia Bima Ndege ya Injini Mbili Ukiwa Rubani Mwenye Saa Chache: Mwongozo Kamili

Wafanyabiashara wengi wenye leseni ya urubani binafsi hukwama mahali palepale. Mtu anaona ndege safi inauzwa Afrika Kusini au Marekani, anatuma malipo ya awali, anaanza kupanga safari za Nairobi, Mwanza na Zanzibar, ndipo anampigia simu dalali wa bima. Jibu linarudi kwamba kampuni haimtaki, au inamtaka kwa masharti yatakayomchukua mwaka mzima kuyatimiza. Malipo ya awali hayarudi, na ndege inakaa kwenye hanga ya mtu mwingine ikidai kodi.

Kosa liko kwenye mpangilio. Kwa rubani mwenye saa chache za kuruka, kampuni ya bima ndiyo inayoamua ni ndege gani anaweza kuirusha mwaka huu. Kwa hiyo unaiuliza kabla hujamlipa muuzaji hata senti, na unaiuliza ukiwa na karatasi zilizokamilika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Kenya au Tanzania, mwenye saa kati ya 150 na 500, anayetaka kujirusha mwenyewe kwa shughuli za biashara yake. Anayetaka kubeba abiria kwa nauli anahitaji cheti cha uendeshaji wa anga na bima ya aina nyingine kabisa. Mwongozo huu haumhusu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Leseni yako, cheti cha afya ambacho hakijaisha muda, na idhini ya injini nyingi, au barua ya shule kwamba unaisomea.
- Daftari la saa za kuruka lililojumlishwa ukurasa kwa ukurasa.
- Orodha ya safari tano unazozifanya kweli, pamoja na idadi ya watu na kilo za mizigo.
- Kitabu cha urubani cha kila aina ya ndege unayoifikiria. Kijitabu cha matangazo hakitoshi.
- Jina la mhandisi wa ndege mwenye leseni ambaye hana uhusiano wowote na muuzaji.
- Jina la mwalimu mwenye saa nyingi kwenye aina hiyo ya ndege.
- Dalali wa bima aliyesajiliwa na mwenye uzoefu wa bima za ndege. Anayekukatia bima ya gari na nyumba huenda hajawahi kuiona hati ya bima ya ndege.
- Bajeti ya mwaka wa kwanza iliyotengwa kando na bei ya kununulia: bima, mafunzo, hanga, matengenezo, mafuta.

Ukikosa kimojawapo kati ya vitatu vya mwisho kabla ya bajeti, simama hapo ukitafute kwanza.

## Hatua ya 1: Jumlisha saa zako kwa ukweli

Mwandika bima, yaani mtu wa kampuni anayeamua kukukubali na kwa bei gani, hatazami saa za jumla peke yake. Anataka kuona saa ulizokuwa rubani kiongozi, saa za injini mbili, saa za ndege yenye magurudumu ya kukunja, saa za kuruka kwa vyombo (kufuata vipimo vya ndani bila kutegemea kuona nje), saa za aina hiyohiyo ya ndege, na ulichoruka katika siku 90 na miezi 12 iliyopita. Ziweke zote kwenye ukurasa mmoja. Mfano:

Jumla 280. Rubani kiongozi 190. Injini mbili 18. Magurudumu ya kukunja 22. Vyombo halisi na vya mafunzo 46. Aina hii 0. Siku 90 zilizopita: 14.

Ukiutazama ukurasa huo unajua tatizo liko wapi. Saa 280 si mbaya hata kidogo, lakini zile 18 na ile sifuri ndizo zitakazopandisha gharama. Ukipata saa 25 nyingine za injini mbili na mwalimu kabla ya kuomba bima, unaomba ukiwa mtu tofauti.

Idhini ya kuruka kwa vyombo nayo ina uzito mkubwa. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinadai saa 50 za safari ukiwa kiongozi na saa 40 za vyombo. Kama huna, anza kuisomea sasa. Ndege ya biashara hukufanya uwe na miadi, na miadi ndiyo inayowasukuma watu kuingia kwenye mawingu ya Ziwa Viktoria saa kumi jioni.

Tahadhari: usiongeze hata saa moja. Bima husimama juu ya ukweli wa maelezo uliyoyatoa, na ajali ikitokea daftari lako ndilo la kwanza kuombwa. Saa tano za kubuni zinaweza kufuta fidia nzima.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja ambao mwalimu wako anaweza kuutia sahihi bila kusita.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito kwenye safari yako halisi

Watu hununua viti. Ndege ndogo ya injini mbili yenye viti sita haibebi watu sita na mafuta ya safari, na hilo hugunduliwa siku ya kwanza mbele ya wageni.

Chukua Piper Seneca V. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 2,155. Tuseme karatasi ya mizani ya ndege unayoitaka inaonyesha kilo 1,600 ikiwa tupu. Zinabaki kilo 555. Watu wanne wa kilo 85 kila mmoja ni 340, mizigo 40. Zimebaki kilo 175 za mafuta. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 hivi, kwa hiyo ni lita 243.

Kutoka Wilson hadi Zanzibar ni kama maili 330 za angani. Kwa mwendo wa noti 170 (maili 170 za angani kwa saa) ni takriban saa mbili. Ikinywa lita 90 kwa saa, mafuta yako ni ya saa 2 na dakika 40. Zanzibar ikifungwa na mvua na ukalazimika kwenda Dar es Salaam, umebakiwa na dakika 40 za kufanyia kila kitu, na hapo hujahesabu mafuta ya kuwasha, kutembea ardhini na kupanda. Hiyo si akiba ya kuruka nayo kwa vyombo. Mtu mmoja akibaki nyumbani unapata zaidi ya saa moja ya mafuta, na safari inakuwa ya busara.

Rudia hesabu hiyo kwa safari zote tano, ukitumia karatasi ya mizani ya ndege yenyewe. Uzito ulioandikwa kwenye matangazo ni wa ndege isiyo na redio za ziada, rangi mpya wala viti vya ngozi.

Angalia pia mafuta. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki havina petroli ya ndege aina ya 100LL. Jet A-1 imeenea zaidi, kwa kuwa ndiyo inayonywewa na ndege za abiria. Pigia simu kila uwanja ulio kwenye orodha yako uulize wana nini leo. Ndege ya petroli inayoweza kwenda Mwanza lakini haiwezi kujaza huko inabeba mafuta ya kurudi nayo, na mafuta hayo yanakula kiti cha abiria.

Umefaulu ukiwa na jedwali la safari tano zenye akiba kamili, hata kama mbili kati yake zimeonyesha kwamba ndege haifai.

## Hatua ya 3: Pima inavyopanda kwa injini moja kutokea uwanja wako

Kama unasoma hatua moja tu kwa makini, iwe hii.

Injini moja ikizima, unapoteza nusu ya nguvu lakini asilimia 80 au zaidi ya uwezo wa kupanda. Nguvu iliyobaki inatumika karibu yote kuivuta ndege isianguke, na kinachobaki cha kupandia ni kidogo sana. Ukiwa chini Dar es Salaam, futi 182 juu ya bahari, hicho kidogo kinaweza kukutosha. Wilson iko futi 5,536.

Piga hesabu ya mchana wa kawaida. Kwenye mwinuko wa Wilson, joto la kiwango ni nyuzi 4. Kipimajoto kikisoma nyuzi 26, una nyuzi 22 za ziada. Kila nyuzi moja huongeza kama futi 120 kwenye mwinuko ambao injini na mabawa vinauhisi. 22 mara 120 ni 2,640. Jumlisha na 5,536 upate zaidi ya futi 8,100. Hujaondoka ardhini, na ndege tayari inajiona iko futi 8,100.

Sasa fungua kitabu cha urubani utafute kimo cha juu cha kuhimili kwa injini moja, yaani kimo ambacho ndege iliyojaa bado inapanda futi 50 tu kwa dakika.

Piper Seminole: futi 3,800. Hiyo ni chini ya Wilson hata siku ya baridi. Ni ndege nzuri ya kujifunzia, lakini injini moja ikizima baada ya kuruka kutoka Nairobi ikiwa imejaa, unatafuta mahali pa kutua.

Beechcraft Baron G58: karibu futi 7,300. Ina injini mbili za nguvu farasi 300 kila moja, ndege ya kuvutia kwelikweli, lakini haina tabochaja. Kwa hesabu yetu ya futi 8,100, Baron iliyojaa mchana wa Wilson haifikishi hata futi 50 kwa dakika kwa injini moja. Ukiwa Mombasa au Zanzibar habari ni nyingine kabisa.

Piper Seneca V: futi 16,500, kwa sababu ina tabochaja.

Tofauti yote ni hewa. Injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa futi 8,000 imebakiwa na robo tatu. Tabochaja huirudishia injini hewa iliyopotea, na kwa anayeishi Nairobi, Nanyuki, Eldoret, Arusha au Kigali, mimi sioni sababu ya kununua injini mbili zisizo nayo.

Tahadhari ya kisheria ambayo wengi hawaijui: kwa kanuni za zamani za Marekani ambazo ndege nyingi ndogo zilipitishwa kwazo, ndege ya injini mbili isiyozidi pauni 6,000 na inayopoteza mbebo (mabawa kushindwa kuibeba) kwa noti 61 au chini haikulazimika kuonyesha kwamba inaweza kupanda kwa injini moja. Ilitosha mtengenezaji kupima na kuandika kinachotokea. Kwa hiyo cheti cha ndege si ahadi kwamba injini ya pili itakufikisha nyumbani.

Umefaulu ukiwa na namba moja kwa kila ndege: inapanda futi ngapi kwa dakika kwa injini moja, ikiwa na uzito wako, joto la mchana, kutokea uwanja wako. Namba ikiwa hasi, punguza uzito kwenye hesabu mpaka iwe chanya. Uzito huo ndio uzito wako wa juu, hata kitabu kikiruhusu zaidi.

## Hatua ya 4: Chuja hadi ndege mbili

Hapa natoa maoni yangu wazi.

Seneca V ndiyo chaguo langu la kwanza kwa rubani wa saa 300 anayeishi nyanda za juu na mwenye uhakika wa petroli. Propela zake zinazunguka kinyume, moja kulia na nyingine kushoto, hivyo hakuna injini ambayo kuzimika kwake ni kubaya kuliko kwa mwenzake. Waandika bima wanaifahamu, na walimu wapo. Kuwa mwangalifu na Seneca II ya bei rahisi. Tabochaja yake haina mlango wa kujirekebisha, kwa hiyo mkono mzito kwenye wenzo wa nguvu unaizidishia injini shinikizo bila onyo la kutosha. Mkono wa rubani mgeni huwa mzito.

Diamond DA42 na DA62 hunywa Jet A-1. DA62 inafika viti saba na uzito wa kilo 2,300. Kila injini ina mkono mmoja tu wa nguvu, kompyuta inashughulika na mengine, na injini ikizima kazi ya rubani ni chache kuliko kwenye ndege za zamani. Upande wa pili, kompyuta hizo zinategemea umeme, na si kila karakana ina vifaa vya kuzihudumia. Uliza nani aliye karibu nawe aliyeidhinishwa, na uipate barua yake.

Baron ni ya Pwani, au ya mtu anayekubali kuruka nyepesi alfajiri.

King Air C90 ina kabini inayotunza shinikizo la hewa na injini mbili za tabo, si za pistoni, aina ya PT6A, na ndiyo inayowatoa watu udenda. Kwa saa 280 utahitaji kepteni mwenye uzoefu kiti cha kushoto kwa muda mrefu, mafunzo ya simyuleta nje ya nchi, na fedha za aina nyingine. Cessna 421 na Piper Cheyenne zilizochoka bei yake ni ya chini kwa sababu gharama yake inaanza baada ya kununua. Ziache.

Kama hakuna ndege ya injini mbili inayopita Hatua ya 2 na ya 3, fikiria injini moja yenye nguvu, kama Cessna 206 yenye tabochaja, kwa miaka miwili huku ukikusanya saa. Uamuzi huo umewaokolea watu fedha nyingi kuliko punguzo lolote la muuzaji.

## Hatua ya 5: Peleka majina mawili kwa dalali kabla ya kulipa chochote

Mwandikie dalali mmoja tu. Ukiwaandikia watatu, wote watabisha hodi kwenye soko lilelile la bima mtawanyo (ambako kampuni za bima hugawana hatari na kampuni nyingine), mara nyingi London, jina lako litaonekana mara tatu, na waandika bima watakataa kujibu mpaka ijulikane nani anakuwakilisha.

Sheria za Kenya na Tanzania zinataka hatari iliyomo nchini ikatiwe bima kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Kampuni hiyo hubakiza sehemu na kusambaza iliyobaki nje. Usinunue hati ya nje moja kwa moja kwa sababu ni rahisi. Msimamizi wa bima, yaani IRA ya Kenya au TIRA ya Tanzania, asipoitambua, mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA au TCAA, nayo inaweza kukukatalia.

Barua yako iwe na ukurasa wa saa zako, aina mbili za ndege na thamani yake, uwanja wa nyumbani, hanga au nje, viwanja vya vumbi utakavyotua, nchi utakazokwenda, jina la mwalimu wako na saa zake, na mpango wa mafunzo wenye tarehe. Mpango wa mafunzo ndio unaobadilisha majibu. Mwandika bima anayesoma kwamba tayari umelipia saa 25 na mwalimu aliyetajwa jina ana jambo la kukubali.

Omba bei ya kila ndege katika hali mbili: ulivyo leo, na baada ya mafunzo. Tofauti itakuonyesha thamani ya mafunzo. Kwa mfano wa hesabu tu, ndege ya dola 400,000 ikitozwa asilimia 4 ni dola 16,000 kwa mwaka, ikitozwa asilimia 2 ni 8,000. Dola 8,000 zinanunua saa nyingi za mwalimu.

Umefaulu ukiwa na ofa ya maandishi inayotaja aina ya ndege, jina lako, masharti ya rubani na muda ambao ofa inadumu. Neno la dalali kwenye simu kwamba "haitakuwa shida" halina thamani.

## Hatua ya 6: Soma masharti mstari kwa mstari

Hati nyingi za eneo letu hujengwa juu ya mfano wa London uitwao AVN 1C. Iombe kabla ya kulipa, keti na kalamu.

Masharti ya rubani. Utaona kitu cha aina hii: rubani aliyetajwa, saa 25 na mwalimu aliyekubaliwa kwenye aina hii kabla ya kuruka peke yake, kisha saa 10 peke yake kabla ya kubeba abiria. Ukimpa rafiki usukani na jina lake halimo, hakuna bima. Haijalishi ana saa 9,000.

Matumizi. Hati hutenganisha starehe binafsi, biashara na usafirishaji wa kulipwa. Chagua biashara, maana inakuruhusu kuruka kwa shughuli za kampuni yako bila malipo ya nauli. Jirani akikuchangia "ya mafuta kidogo" mkienda Mara, muulize dalali kwa maandishi kabla hujapokea. Mchango huo unaweza kukuhamisha kundi.

Thamani. Dai thamani iliyokubaliwa, ile ya kifungu cha AVN 61, ili ndege ikiharibika kabisa ulipwe kiasi kilichoandikwa bila kubishana bei ya soko. Iweke karibu na bei ya kweli. Ukiandika ndogo, ajali ya wastani inatosha kampuni kukulipa na kuchukua mabaki. Ukiandika kubwa, watang'ang'ania kuitengeneza ndege ambayo wewe mwenyewe hungeitaka tena.

Dhima, yaani unachowajibika kuwalipa wengine ajali ikitokea. Hiki ndicho kifungu ambacho watu hubania. Ukizoea bima ndogo ya gari, ambayo watu huinunua ili tu askari asiwasumbue, badilisha fikra. Abiria wako ni wateja, wafanyakazi na familia. Tafuta kikomo kimoja cha pamoja, kisha angalia kama ndani yake pamejificha kikomo kidogo kwa kila abiria. Hicho kidogo ndicho utakacholipwa.

Mipaka ya kijiografia. Somalia, Sudan Kusini na Kongo hutengwa mara nyingi. Mwenye biashara Goma au Bukavu aombe nchi hiyo kwa jina, na asubiri hati iandikwe.

Viwanja. AVN 1C haikulipi ukitua mahali pasipokidhi mapendekezo ya mtengenezaji, isipokuwa kwa dharura isiyozuilika. Seronera na viwanja vya Mara ni vya changarawe, vumbi na nyasi. Viorodheshe vyote kwenye ombi. Na kuna jambo dogo linaloumiza: madhara ya polepole hayalipwi. Jiwe moja lililorushwa na gurudumu likakunja propela, ukaliandika siku hiyo kama tukio, linaweza kudaiwa. Vikwaruzo vya miezi sita vilivyokula ukingo wa propela ni vyako. Pitisha kidole kwenye ukingo wa propela baada ya kila kutua kwenye changarawe, piga picha, andika.

Vita na ugaidi. Kifungu cha AVN 48B kinaviondoa pamoja na utekaji na uharibifu wa makusudi. Vinarudishwa kwa malipo ya ziada, dhima kupitia AVN 52 na mwili wa ndege kupitia hati ya pekee. Lipa.

Sehemu unayobeba mwenyewe. Hakikisha unaweza kuitoa taslimu kesho asubuhi.

Umefaulu pale unapoweza kumweleza mwenzi wako, bila kuangalia hati, nani anaruhusiwa kurusha, wapi, na nani analipa nini.

## Hatua ya 7: Sasa kagua ndege

Ofa ya bima ikiwa mkononi, weka malipo ya awali kwa mtunza fedha wa kati, na mkataba useme yanarudi ukaguzi ukishindwa au bima ikikataliwa.

Mhandisi wako aanze na madaftari kabla ya kugusa ndege. Anatafuta ajali zilizorekebishwa, miaka ambayo ndege haikuruka, na agizo la usalama ambalo halijatekelezwa. Injini isiyofikisha saa zake si lazima iwe nzima: Lycoming na Continental zote hupendekeza ukarabati mkubwa baada ya miaka 12 hata kama saa hazijatimia. Ndege iliyoruka saa 40 kwa miaka 8 huenda ina kutu zaidi ndani kuliko iliyoruka saa 200 kila mwaka. Kisha apime kila silinda, afungue vichujio vya oili, na aione milango ya magurudumu ikifanya kazi ndege ikiwa juu ya jeki. Kuikubali kwa picha za simu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hakikisha haina deni. Ndege ya Marekani huchunguzwa kwenye rejista ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliyoko Oklahoma City. Rejista ya kimataifa ya Mkataba wa Cape Town huko Dublin inagusa ndege zilizoidhinishwa kubeba angalau watu wanane na injini za tabo kuanzia nguvu farasi 550, kwa hiyo King Air haikwepi, Seneca haimo.

Ukifikiria kuiacha na usajili wa N wa Marekani, kumbuka kwamba leseni ya Kenya inakuruhusu kuirusha ndani ya Kenya tu. Ukivuka kwenda Kilimanjaro unahitaji leseni ya FAA, na usipokuwa nayo bima imelala. Uliza pia KCAA au TCAA kuhusu masharti ya umri na kelele kabla ndege haijaondoka ilipo.

## Hatua ya 8: Ilete, jifunze, ndipo uirushe

Safari ya kuileta nyumbani ina bima yake na rubani wake. Usijitie humo. Ikifika, omba ikatiwe bima ya ardhini pekee mpaka mafunzo yaanze, ni nafuu.

Saa na mwalimu zitumike kwa yale yanayoua. Zimeni injini moja kwenye kimo salama, ndege ikiwa nzito, joto likiwepo. Jifunze kuuona mstari mwekundu kwenye kipima mwendo, ambao chini yake usukani haushindi injini iliyobaki, na mstari wa bluu, mwendo wa kupanda vizuri kwa injini moja. Rudia kukataa kuruka: injini imekohoa kwenye njia, mikono yote ya nguvu nyuma, breki. Wanaokufa hapa wengi walijaribu kuokoa kuruka ambako kulitakiwa kuachwa.

Mtaje mwalimu kwenye hati kama aliyekubaliwa, na uombe kampuni isimdai yeye ajali ikitokea akiwa nawe. Walimu wazuri huuliza hilo kabla ya kupanda.

Umefaulu pale mwalimu anapozima injini bila taarifa na mikono yako inaanza kazi kabla hajasema neno, mara tatu mfululizo, siku tofauti.

## Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza na kuhuisha

Kwa saa 50 za kwanza ruka mchana, hali ya hewa nzuri, njia fupi. Kila miezi mitatu fanya zoezi la injini moja na mwalimu, na umwombe aliandike kwenye daftari lako.

Siku 60 kabla bima haijaisha, mtumie dalali ukurasa mpya wa saa. Ulikuwa na 18 za injini mbili, sasa una 120. Aina hii ilikuwa sifuri, sasa ni 95. Ambatisha uthibitisho wa mazoezi, idhini ya vyombo kama umeipata, na picha za propela. Kisha omba vitu vitatu kwa majina: bei ishuke, sharti la mwalimu liondolewe, na kikomo cha dhima kiongezwe. Ukiambiwa uchague kimoja, chukua cha tatu.